Ardhi Kwanza, Taifa Baadaye: Hotuba kwa Wachezaji wa Age of Empires II

Ndugu wachezaji, kaka na dada zetu, pamoja na nyinyi mliosindikiza wenzenu mkajikuta mmeketi mstari wa mbele: habari za mchana, karibuni sana.

Mchezo tunaouzungumzia ni Age of Empires II, mchezo wa kompyuta wa kujenga mji na jeshi ili umshinde adui, uliotoka mwaka 1999 na kufanyiwa ukarabati mkubwa mwaka 2019 katika toleo la Definitive Edition, ambalo ndilo tunalocheza hapa. Una mataifa zaidi ya 40. Wenyewe huyaita staarabu. Sisi tutasema taifa, ndivyo ulimi unavyopenda. Swali la leo ni moja tu. Ramani imeshatajwa, sekunde zinahesabiwa, unatakiwa uchague taifa. Unatazama nini?

Wengi hutazama orodha. Kuna mtu kapanga mataifa daraja la kwanza, la pili na la tatu, basi yeye anachukua lililo juu kabisa na kuingia nalo kila mahali, msituni, baharini na jangwani. Halafu akipigwa analaumu mtandao. Tatizo la orodha ni kwamba haina ardhi ndani yake. Faida ya taifa haina thamani mpaka ramani iipangie bei.

Tuchukue Wamongoli. Wawindaji wao hufanya kazi kwa kasi ya 40% zaidi. Ukisoma hivyo unasema hakuna kama hawa. Sasa tuhesabu nyama. Mwanzo wa kawaida wa nchi kavu hukupa nguruwe mwitu 2, kila mmoja ana chakula 340. Weka na swala 4, kila mmoja 140. Jumla ni 1,240. Hicho ndicho kiwanja chote ambacho faida ya Wamongoli inacheza. Nyama ikiisha, nayo imekwisha. Ramani ikiwa na makundi mengine ya wanyama nje ya mji, kiwanja kinapanuka mara mbili au zaidi, na Mmongoli anafika zama zinazofuata, yaani ngazi ya juu zaidi ya maendeleo ndani ya mchezo, wakati mwenzake bado anachuna matunda vichakani. Mpeleke kisiwani kusiko na mnyama wa kuwinda, na ile 40% yake ni 40% ya sifuri.

Mfano wa pili, Wateutoni. Shamba la kawaida linagharimu mbao 60, lao 36. Wanaokoa 24 kwa kila shamba. Kwenye ramani ya wazi ambako vita huanza mapema, mpaka mnakutana huenda umelima mashamba 8, umeokoa mbao 192. Si haba, lakini haikushindii mchezo. Kwenye ramani ya kuta, ambako mtu hulima mashamba 30 kabla hajaona sura ya adui, umeokoa 720. Kituo cha mji, jengo kuu linalotoa wanakijiji, kinataka mbao 275, kwa hiyo hapo umepata mbao za vituo viwili na chenji imebaki.

Tarakimu hizi, tafadhali, zisikaririwe kama aya. Watengenezaji hutoa masahihisho mara kwa mara, leo wanapunguza asilimia tano hapa, kesho wanaongeza pale. Kadi ya taifa iko ndani ya mchezo, ukurasa wa mti wa teknolojia. Isome kila baada ya sasisho. Tunachowaachia leo ni namna ya kuhesabu.

Kabla hatujashuka kwenye ramani zenyewe, tuondoe mtego mmoja, mtego wa historia. Nyongeza ya African Kingdoms ya mwaka 2015 ilileta Wahabeshi, Wamali, Waberberi na Wareno, na ikaleta ramani zenye majina ya kwetu, Kilimanjaro na Serengeti. Ndani yake kuna hata kampeni ya Francisco de Almeida, yule aliyezishambulia Kilwa na Mombasa mwaka 1505, kwa hiyo ukiicheza unajikuta umevaa viatu vya aliyechoma miji ya wazee wetu. Sasa mtu akiona Kilimanjaro anachukua Wahabeshi kwa sababu ni majirani. Hiyo ni heshima nzuri, lakini injini ya mchezo haijui ujirani. Watatari ni watu wa nyika tambarare, na mchezo umewapa faida ya vilima! Wao na Wajorjia ndio wanaopata cha ziada wanapopigana wakiwa juu. Usiulize taifa lilitoka wapi. Uliza linapewa nini, na ardhi hii inakitumiaje.

Haya, tushuke Arabia, maana ndiko wengi wanakokaa.

Arabia ni nchi kavu, wazi, misitu imetawanyika, hakuna ukuta wa kuanzia. Unapewa wanakijiji 3, mpelelezi mmoja wa farasi, chakula 200, mbao 200, dhahabu 100 na mawe 200. Kondoo 8 wametawanyika jirani, kila mmoja chakula 100, na vichaka 6 vya matunda, kila kichaka 125. Mwanakijiji mmoja anagharimu chakula 50 na anachukua sekunde 25 kutoka, kwa hiyo kituo chako kisipolala kinakupa watu wawili na ushee kwa dakika. Mpaka hapo mimi na wewe tuko sawa.

Tofauti inaanza na ardhi, kwa sababu ramani inazalishwa upya kila mchezo. Jina ni Arabia, lakini leo dhahabu yako kubwa iko nyuma ya mji, kesho iko mbele, inamtazama adui. Leo msitu umekukumbatia mgongoni, kesho umepewa vichaka vitatu vilivyo mbali na nyumbani. Kwa hiyo dakika mbili za kwanza mpelelezi asitumwe kwa adui. Azunguke mji wako mwenyewe, duara la kwanza karibu, la pili pana kidogo, na wewe ukiangalia vitu vitatu: dhahabu kubwa iko upande gani, msitu upi unaweza kufungwa kwa uzio wa miti wa vipande vichache, na kilima kiko wapi.

Dhahabu inaamua jeshi la kwanza. Mpiga mishale anagharimu mbao 25 na dhahabu 45. Kama dhahabu iko mbele, wachimbaji wako ndio watakaokuwa wa kwanza kuchinjwa, na ukiwaondoa hapo huna mishale tena. Mpelelezi wa farasi anagharimu chakula 80 peke yake. Kwa hiyo dhahabu mbaya inakusukuma kwenye farasi wepesi, dhahabu nzuri inakuruhusu mishale. Lakini kumbuka taifa ulishachagua kabla hujaiona ardhi! Ndiyo maana ushauri wetu kwa Arabia ni kuchukua taifa lenye milango miwili, linaloweza kufungua kwa farasi au kwa mishale bila kuona aibu. Wamajari ni mfano mzuri: farasi wao wepesi wana punguzo, na wapiga mishale wao wanaona mbali. Wamongoli pia. Wafranki ni wakali, hatubishi, farasi wao wana uhai 20% zaidi na maboresho ya mashamba wanapewa bure, ila wana mlango mmoja. Adui akishaona Wafranki anajenga kambi ya mikuki mapema, na mwenye mkuki anagharimu chakula 35 na mbao 25, bila senti ya dhahabu. Wabritoni nao ni mlango mmoja upande wa pili: mishale inayofika mbali kuliko ya wengine, wachungaji wa kondoo wenye kasi ya 25% zaidi, lakini farasi wao usiwategemee.

Halafu kuna Wahuni. Jina limekaa vibaya kwa Kiswahili lakini ndilo lao, tufanyeje. Hawajengi nyumba, watu wao hawahitaji. Wanaanza na mbao 100 pungufu, kisha kila nyumba ambayo mwenzao anajenga kwa mbao 25, wao wamesamehewa. Kinachosahaulika ni kwamba nyumba kwenye Arabia si makazi tu, ni matofali ya ukuta. Mwenzako anaziba pengo kati ya msitu na dhahabu kwa nyumba mbili ambazo angezijenga tu. Mhuni lazima alipie kila kipande cha uzio, maana nyumba hana. Kwa hiyo ukiwachukua, chukua kwa nia ya kushambulia. Anayewachukua Wahuni ili ajifungie ndani amenunua gari la mbio akaliegesha.

Kilima sasa. Aliye juu anaongezewa 25% ya madhara, aliye chini anapunguziwa 25%. Pigo ambalo kwenye tambarare lingekuwa 8, kutoka juu linakuwa 10, kutoka chini linakuwa 6. Makundi mawili ya askari sawa kwa idadi na kwa silaha, mmoja anapiga 10 anapigwa 6. Hapo hakuna ustadi wa vidole utakaokuokoa; kupanda mchongoma huko. Ukiwa chini, rudi nyuma mpaka tambarare au subiri ashuke. Na kama kilima kiko juu ya kambi yako ya mbao, mnara au jengo la kijeshi liwekwe pale juu mapema, kabla adui hajakufanyia hivyo yeye. Watatari hapa ndipo wanapolipa, ingawa ni lazima ukumbuke kwamba ardhi ya Arabia inaweza pia kukupa tambarare tupu, na hapo faida yao ya mwinuko inabaki maandishi. Kinachobaki mkononi ni kondoo wao wenye chakula cha 50% zaidi, na hicho hakitegemei mwinuko.

Tutoke wazi, tuingie Arena.

Arena unaamka ukiwa ndani ya ukuta wa mawe. Msitu uko nyuma yako, adui yuko mbali, na katikati ya ramani kuna masalia matakatifu yanayongoja watawa. Faida zote za vita vya mapema zimekufa hapa. Zinazoishi ni za uchumi mrefu, za watawa, za mawe na za baruti. Njia ya kawaida ni kukimbilia Zama za Ngome (Castle Age, zama za tatu) moja kwa moja bila kujenga jeshi: watu takriban 27 ndipo unabofya Zama za Ukabaila (Feudal Age, zama za pili) kwa chakula 500, wawili wanaongezwa, kisha chakula 800 na dhahabu 200 kwa Zama za Ngome. Kupanda daraja la kwanza kunachukua sekunde 130, la pili sekunde 160. Hapo ndipo unapochagua kati ya njia tatu: vituo vya mji vya ziada, watawa wa kukimbilia masalia, au ngome ya mawe 650 usoni kwa adui.

Sala moja moja inahesabika. Salio takatifu moja ndani ya nyumba ya watawa linaleta dhahabu 30 kwa dakika, kila dakika, bila mchimbaji hata mmoja. Mtawa anagharimu dhahabu 100, kwa hiyo salio moja limemrudishia gharama ndani ya dakika tatu na nusu. Waazteki wanaongeza theluthi juu ya mapato hayo kwa timu nzima, na Waburma wanayaona masalia yalipo tangu sekunde ya kwanza. Faida ya Waburma kwenye Arabia ni pambo. Kwenye Arena ni ramani ya hazina.

Waturuki ndio mfano wetu mzuri wa taifa linalobadilika sura kwa ukuta. Wachimbaji wao wa dhahabu wana kasi ya 20% zaidi, kemia, utafiti unaofungua silaha za baruti, wanapewa bure, askari wao wa baruti wana uhai 25% zaidi. Kwenye Arena wanachimba kwa amani nyuma ya ukuta na kutokeza na mizinga. Lakini angalia mti wao: mkuki wao haupandi daraja, mrusha mikuki wao naye hapandi. Maana yake askari wa miguu wa maana wasiohitaji dhahabu hawana. Dhahabu ya ramani ikiisha kabla hujamaliza kazi, umebaki na farasi wepesi na maombi. Mturuki anayecheza Arena kwa saa nzima amekosea tangu dakika ya ishirini. Huyu alitakiwa amalize mapema, au apige marufuku adui kuzifikia dhahabu za katikati.

Black Forest tutaipita haraka kwa sababu hesabu yake ni fupi. Msitu mnene, njia nyembamba. Farasi wengi mahali ambapo wanaweza kupita watano kwa safu ni foleni ya daladala, hawazunguki, hawakimbii. Hapa ni zana za kubomolea. Wakelti ndio wenyeji: wakata mbao wao wana kasi ya 15% zaidi, na manati zao zinatupa kwa kasi ya 25% zaidi. Wahabeshi nao wana manati zenye eneo pana la madhara wakishafanya utafiti wao wa ngome. Jambo ambalo wageni hawalijui: manati ya daraja la pili na la tatu hukata miti. Ile ya daraja la kwanza haikati. Kwa hiyo ukijidai umejifungia kwa ukuta kwenye njia, adui anaweza kufungua njia mpya katikati ya msitu ulioutegemea kuwa ukuta wako wa mgongoni. Unaamshwa na miti inayoanguka nyuma ya mashamba. Weka mnara au hata mwanakijiji mmoja upande huo, angalau uone.

Tufike majini, na hapa tukae kidogo.

Wahenga walisema ukiona vyaelea vimeundwa. Kwenye mchezo huu vimeundwa kwa mbao, na mbao ndiyo lugha yote ya bahari. Gati linagharimu mbao 150, mashua ya uvuvi mbao 75 na sekunde 40 kutoka. Tazama kinachotokea. Kituo cha mji kinatoa mwanakijiji kila sekunde 25 na kila mmoja anakula chakula 50. Gati linatoa mashua kila sekunde 40 na haligusi chakula hata kidogo. Kwa dakika moja unapata wanakijiji 2.4 na mashua 1.5. Kwa hiyo gati ni kituo cha pili cha mji ambacho kinakula miti. Mwenye gati moja linalofanya kazi bila kusimama anamwacha asiye nalo kwa zaidi ya nusu ya nguvu kazi inayozaliwa. Ndiyo maana mgawanyo wa watu unabadilika: kwenye nchi kavu wanakijiji 6 wa mwanzo wanakwenda kwa kondoo na wachache kwa mbao, majini, ukishapata chakula cha kumtoa mwanakijiji anayefuata, wengine wote wakimbilie msituni.

Mataifa ya maji hayafanani. Kuna yanayovua na kuna yanayopigana. Waitalia wanalipa 60 badala ya 75 kwa mashua ya uvuvi. Mashua 10 ni akiba ya mbao 150, yaani gati la pili bure. Wajapani mashua zao zina uhai mara mbili na zinavua haraka zaidi kadiri zama zinavyopanda. Mashua ya Mjapani ikishambuliwa ina muda wa kukimbilia gatini, ya mwenzake inazama njiani. Wadravidi wanapewa mbao 200 kila wanapoingia zama mpya, na wavuvi wao wanabeba 15 zaidi kwa safari. Wamalei mitego yao ya samaki ni nafuu na hutoa chakula mara tatu, hiyo ni faida ya uzeeni, samaki wa asili wakishaisha. Hao ni wavuvi. Wapiganaji ni Wavikingi, ambao meli zao za vita zina punguzo. Waberberi, ambao meli zao zinakwenda kwa kasi ya 10% zaidi, kwa hiyo wao ndio wanaochagua lini pambano lianze na lini liishe. Na Wareno, meli zao zina uhai 10% zaidi.

Sasa swali la ramani: je, maji haya ni bahari au ni bwawa? Kwenye Islands ni bahari. Anayeshika maji ameshika mchezo, maana aliyeshindwa hata mbao za kisiwa chake hazimtoshi na dhahabu yake ni ile ile. Hapo chukua mpiganaji. Kwenye Four Lakes ni mabwawa ndani ya nchi kavu. Ukimwaga mbao kwenye meli za vita ukashinda bwawa, umeshinda samaki kadhaa, na adui aliyetumia mbao zile zile kwa kambi ya mishale yumo ndani ya mji wako. Hapo chukua mvuvi mwenye miguu mizuri ya nchi kavu. Mjapani anafaa, Mwitalia anafaa. Mdravidi anatamanisha kwa zile mbao 200, lakini hana farasi wazito kabisa, na pwani za Four Lakes zina uwanda mpana ambao farasi wa adui watakuzunguka mchana kutwa.

Kosa kubwa la mabwawa ni kutohesabu samaki. Samaki wa maji marefu ana chakula 225. Bwawa likiwa na samaki 8, ni chakula 1,800 tu. Mashua 5 zitalimaliza kwa utulivu. Mashua 12 zitalimaliza haraka, kisha mbao zako 900 zitaelea zikingoja mitego. Zungusha mashua ya kwanza bwawa zima, hesabu, ndipo uamue. Na gati lisijengwe mkabala na gati la adui kwa sababu tu pale ndipo maji yalipo karibu. Tembea hatua chache, tafuta kona ambayo mishale ya ufukweni haifiki.

Kwa wanaocheza timu, neno moja. Kwenye ramani ya wazi ya wanne kwa wanne, walio pembeni wanapigwa mapema na walio katikati wanakingwa. Wa pembeni achukue mishale: Wabritoni, Wamaya, Wahabeshi. Wa katikati achukue farasi wazito, ambaye kila mmoja ni chakula 60 na dhahabu 75, maana yeye ndiye mwenye nafasi ya kufika Zama za Ngome bila kusumbuliwa. Mkimchukua Mhuni mmoja, mazizi ya timu nzima yanazalisha kwa kasi ya 20% zaidi, na hiyo ni faida ya mwenye farasi wa katikati hata kama Mhuni mwenyewe yuko taabani. Kinachoharibu timu nyingi ni wanne kuchukua kila mmoja kipenzi chake: mnajikuta na farasi wanne na hakuna wa kushika pembeni kwa dakika kumi za kwanza.

Tumalizie na Nomad, kwa sababu ndiyo ramani mtakayoanza nayo jioni hii, na kwa sababu ndiyo inayoadhibu uchaguzi mbaya mapema kuliko zote.

Nomad huna kituo cha mji. Una wanakijiji 3 waliotupwa sehemu mbalimbali, na umeongezewa mbao 275 na mawe 100 za kukijenga. Kwa hiyo mfukoni una mbao 475. Kituo kinajengwa na mtu mmoja kwa sekunde 150. Wakiwa wawili ni sekunde 112 na ushee, wakiwa watatu ni 90. Kanuni ni hii: zidisha muda wa jengo kwa 3, gawa kwa idadi ya wajenzi ukijumlisha 2. Ndiyo maana mjenzi wa tatu hana faida kubwa kama watu wanavyodhani. Kama wawili wameshaanza na wa tatu yuko mwendo wa sekunde 40, akifika mtamaliza kwenye sekunde 98 hivi badala ya 112. Mmeokoa sekunde 14, na yeye amepoteza 40 akitembea na 58 akijenga. Heri aende ufukweni.

Aende kufanya nini? Hapa taifa linaingia. Baada ya kituo umebaki na mbao 200. Gati 150, zimebaki 50. Nyumba moja 25, kwa sababu kituo kinabeba watu 5 tu na tayari una 3. Zimebaki 25. Mashua ya kwanza inataka 75. Umejenga gati la kutazamia machweo. Na huwezi kukata mbao ukazipeleka popote, kwa sababu kituo hakijakamilika na kambi ya mbao inataka 100 ambazo huna. Mwitalia anataka 60, naye pia amekwama, ingawa kituo kikiisha atatangulia. Mwajemi anaanza na mbao 50 na chakula 50 zaidi ya wengine. Mpigie hesabu: 525, toa 275, toa 150, toa 25. Zinabaki 75, mashua moja kamili, inaingia majini wakati kituo bado ni jukwaa la miti. Isitoshe kituo chake na gati lake vina uhai mara mbili, kwa hiyo mkijikuta mmejenga vituo pua kwa pua, jambo la kawaida Nomad, yeye ndiye asiyehama.

Mhispania njia yake ni nyingine: wajenzi wake wana kasi ya 30% zaidi, hivyo anaweza kumwachilia mjenzi wa pili mapema. Mhuni sasa, yule yule tuliyemsifu. Anaanza na mbao 100 pungufu: 375, toa kituo 275, amebaki na 100. Nyumba hahitaji, ndiyo, lakini gati ni 150. Ufukwe wote ule, samaki wanaruka, na yeye hana gati mpaka kituo kisimame na wakata mbao wafike.

Kuna makosa mawili ambayo tumeyaona kwenye karibu kila meza ya mazoezi. Moja ni kutembeza watu wote watatu wakutane katikati ya ramani, kisha kuanza kutafuta mahali pazuri. Katikati ndiko wote wanakokutana. Jenga pale ambapo wawili wako karibu, ilimradi kuna msitu na ufukwe vinavyofikika. La pili ni kuweka kituo ufukweni kabisa mpaka gati halina pa kukaa isipokuwa mbele yake. Meli ya kwanza ya adui itapiga vyote viwili kutoka mahali pamoja. Acha nafasi, kituo kirudi nyuma kidogo kiwe karibu na msitu kuliko maji, kwa sababu wakata mbao watakuwa wengi na mashua hazihitaji kituo.

Mashine nane zimeshawashwa kule nyuma, mbili zina kipanya kinachokwama kidogo, mvumilie. Kabla hujabofya jina la taifa, andika kwenye karatasi mbao utakazobaki nazo baada ya kituo, gati na nyumba moja, halafu mwonyeshe aliye kulia kwako. Asiyekuwa na karatasi aje hapa mbele, zipo.